Meza ya mukene: uchambuzi wa kisa cha mama wa Tororo aliyedhaniwa anapoteza akili

Maswali manne ya kwanza nilimwuliza mama, na yote manne akayajibu mwanawe: jina, umri, anasumbuliwa na nini, tangu lini. Mama mwenyewe alikaa kwenye benchi na leso yake ameikunja mapajani, macho yake yakinitazama mdomoni. Nilipomgeukia kwa swali la tano akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo, mwanangu," ilhali nilikuwa nimemwuliza hulala saa ngapi. Mwanawe akanitazama kwa huzuni. "Unaona, sista? Ndivyo alivyo siku hizi."

Hiyo ilikuwa Februari 2023, katika kituo cha afya ninakofanya kazi ya uuguzi mjini Tororo, mashariki mwa Uganda. Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya mama na ya wanawe, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Sababu ya kukiandika kwa urefu ni kwamba mama huyu alibaki kidogo tu aandikiwe ugonjwa wa dimenshia, ule wa ubongo unaomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea, na kwa kadiri nilivyoweza kupima hakuwa nao. Akili yake ilikuwa imepungua kidogo, hilo sikatai, lakini lililoipunguza halikuwa jambo moja, na baadhi ya yaliyoipunguza tulikuwa na uwezo wa kuyaondoa.

Alizaliwa mwaka 1951 na akasoma hadi darasa la nne. Aliolewa na mfanyakazi wa reli, wakaishi kwenye nyumba za reli, ambako Mpadhola alikuwa jirani wa Mteso, Msamia na Mjaluo wa kutoka Kenya, na ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yake, kikikaa pamoja na Kidhopadhola cha mama yake, Kiteso cha kutosha kupatana bei, na Kiganda cha kusikilizia redio. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa na meza sokoni, akiuza maharage na mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alikopesha, na madeni yote aliyaweka kichwani: nani kachukua makopo mangapi, siku gani, na ameahidi kulipa lini. Wanawe wanasema hakuwahi kuandika hata jina moja, na hakuwahi kumdai mtu mara mbili.

Ndipo ikaja mwaka 2020, ambao mumewe alifariki. Kuanzia mwaka huo hadi uliofuata mama akaanza kukosea. Alimpimia mteja makopo saba badala ya matatu, akamwandama mama mmoja kwa deni la mwingine, na mara mbili wateja walimgombeza mbele ya watu. Nyumbani aliuliza jambo lile lile mara tatu. Mnamo Septemba 2021 wanawe wakaketi, wakakubaliana kuifunga meza. "Tumempumzisha," ndivyo mwanawe alivyoniambia, na nilijua kwamba hilo lilitoka moyoni, kwa sababu katika jamii zetu mtoto anayemwacha mama wa miaka sabini ajitwishe magunia husemwa vibaya. Miezi michache baadaye akaunguza sufuria ya maharage mpaka nyumba ikajaa moshi, akakatazwa na kupika. Kuanzia hapo alishinda sebuleni mbele ya televisheni. Kijijini kulikuwa na jamaa waliosema amelogwa, lakini wanawe hawakuifuata njia hiyo, wakampeleka mahali fulani pa matibabu, akapimwa akili, akapata alama 17 kati ya 30. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa mfukoni mwa mwanawe siku alipokuja kwangu.

Nianze na hiyo karatasi. Kipimo chenyewe kilichapishwa Marekani mwaka 1975 na kimeenea dunia nzima kwa sababu ni kifupi na chepesi kutumia. Ndani yake mtu anatakiwa kuandika sentensi, kunakili mchoro wa maumbo mawili ya pembe tano yaliyokatana, na kutoa 7 kwenye 100, kisha 7 tena kwenye kilichobaki, na kuendelea hivyo. Kwa mtu aliyeshika kalamu mara ya mwisho katika miaka ya sitini, kipimo cha namna hiyo kinapima shule kwanza, akili baadaye. Mimi nilirudia swali moja tu la humo. Nilimwambia mama atoe 7 kwenye 100, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Saba ya nini, mwanangu?" Nikambadilishia: una shilingi 10,000, unalipa 700, zinabaki ngapi? Akasema 9,300. Ukilipa tena? 8,600. Akashuka hivyo hivyo hadi 6,500 bila kukosea na bila kuhesabia vidole, taratibu, lakini kwa uhakika wa mtu anayerudisha chenji.

Kabla ya kumpima zaidi nilimtazama masikio. La kulia lilikuwa limezibwa na nta kabisa, na la kushoto nusu. Tulimweka matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha tukayasafisha kwa maji ya uvuguvugu, na aliporudi nikasimama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, nikamnong'oneza maneno mafupi. Kati ya sita alirudia mawili. Nta ilikuwa imetoka, lakini chini yake kulikuwa na ule uziwi wa umri ambao huanza na sauti za juu, ukila kwanza herufi kama s, f, sh, t na k, huku irabu zikibaki. Mtu wa namna hii husikia kwamba umesema, asijue umesema nini. Kwa Kiswahili fika, shika na pika zote humfikia kama neno moja lisilo na kichwa. Nilipomwambia shoka akanirudishia choka, na laiti ningekuwa napima kumbukumbu bila kulijua hilo, ningemwandikia kosa la kumbukumbu.

Hapo nikamwuliza yeye, si mwanawe, nikiwa nimekaa mbele yake na mwanga wa dirisha ukiniangukia usoni, ni lini hasa wateja walianza kumchanganya. Alifikiri kidogo. "Wakati wa zile barakoa," akasema. Ilikuwa kweli: miaka ya 2020 na 2021 sokoni watu walifunika midomo kwa sababu ya korona. Huenda kwa miaka kadhaa kabla ya hapo mama huyu alikuwa akisoma midomo bila yeye mwenyewe kujua, na siku midomo ilipofunikwa, nusu ya maneno ya wateja ikapotea. Saba na tatu, ukivua herufi zake za mwanzo ndani ya kelele za soko na kitambaa kikiwa juu ya mdomo, hazitofautiani sana. Kumbukumbu haiwezi kuhifadhi kisichoifikia.

Kwa hiyo nilimpima upya kwa kipimo kingine, kile kilichotengenezwa na watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma au walisoma kidogo. Hakina kalamu wala karatasi kwa anayepimwa. Mzee hupewa maneno kumi ayashike na kuyarudia baadaye, hutakiwa kutaja wanyama kwa dakika moja, hueleza kitu kama daraja ni nini, na hupanga njiti za kiberiti kama ulivyozipanga wewe. Kwenye wanyama nilimwambia kwanza atumie Kiswahili peke yake, akataja tisa, kisha nikamruhusu achanganye lugha, na kwa dakika ile ile moja akafika kumi na wanne, kwa kuwa wanyama wa porini aliwajulia utotoni kwa Kidhopadhola. Katika maneno kumi, baada ya kukaa kidogo, alikumbuka matano. Njiti alizipanga sawasawa. Alama zake zilikuwa juu ya mstari wa mashaka, ingawa si kwa kiasi kikubwa.

Tofauti kati ya kupungua kwa kawaida na dimenshia haipatikani kwenye alama peke yake. Inapatikana kwenye maisha. Mama huyu alikuwa akioga, akivaa na kwenda kanisani peke yake na kurudi, na akijua ni siku ya ngapi tangu mvua ya mwisho inyeshe. Aliyachanganya majina ya wajukuu, akalirekebisha kosa mwenyewe. Alijibu polepole. Mambo haya mawili, wepesi wa fikra na kulipata jina kwa haraka, ni katika yale yanayopungua hata kwa mzee asiye na ugonjwa wowote, na utafiti mrefu ulioanzishwa Seattle mwaka 1956 na Warner Schaie ulionyesha kwamba uwezo wa akili haushuki wote kwa pamoja: wepesi hutangulia, msamiati na maarifa ya maisha hudumu. Ndiyo maana ile chenji ya shilingi ilisimama imara huku mambo mengine yakiyumba.

Sasa nije kwenye dawa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu iliyokaribia kupita bila kuonekana. Nilipouliza anatumia dawa gani, mwanawe alisema hakuna. Nikamwomba mama anifungulie mkoba wake. Ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo kulikuwa na vidonge vya Piriton, vile vidogo vya njano vya mafua na mwasho, alivyokuwa akinunua duka la dawa bila kuandikiwa na kumeza viwili kila usiku tangu mwisho wa mwaka 2021, kwa sababu tangu meza ifungwe usingizi ulikuwa umemkimbia. Dawa hii huzuia pia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika umakini na kumbukumbu, na katika mwili wa mzee hukawia kutoka, hivi kwamba kile cha usiku bado kinafanya kazi asubuhi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa wazee wa Marekani, maarufu kwa jina la Beers, unashauri wazee waiepuke. Sufuria ile iliungua asubuhi, saa nne, mama akiwa amesinzia kwenye kiti karibu na sigiri. Nyumbani waliliita hilo kusahau. Lilikuwa usingizi wa dawa.

Presha yake siku ya kwanza ilikuwa 172/96, na wiki moja baadaye 168/94, bila yeye kuhisi chochote. Sukari ilikuwa sawa, damu ilitosha, kipimo cha virusi vya Ukimwi hakikuonyesha maambukizi. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Hakuvuta sigara wala hakunywa pombe, ila kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa amevuta moshi wa kuni na makaa jikoni. Mtu anaweza kuuliza kama mama mwenye presha ya namna hiyo anastahili kuitwa mzima. Katika utafiti wa uzee neno hilo kwa kawaida humaanisha mtu asiye na ugonjwa wa ubongo na anayejitegemea, hata kama ana presha au kisukari kinachotibiwa, na ukiwadai wazee wa miaka 72 wasiwe na chochote kabisa, hutapata wa kuwachunguza. Presha ni muhimu kwa sababu huviumiza vile vimishipa vidogo vya ubongo kimya kimya kwa miaka mingi. Jaribio kubwa la Marekani lililochapisha matokeo yake ya ubongo mwaka 2019, lenye washiriki zaidi ya 9,300, lilikuta kwamba kuishusha ile namba ya juu ya presha chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza matatizo madogo ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 19, ingawa kwa dimenshia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitisha jambo.

Binti yake wa pili aliniuliza kwa faragha kama jambo hili liko kwenye damu, maana bibi yao alikufa akiwa hawatambui watoto wake. Nilimjibu kwamba urithi una nafasi yake, lakini si hukumu. Watafiti waliolinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, walichapisha mwaka 2001 kwamba ugonjwa wa Alzaima, aina moja ya dimenshia, ulianza kwa asilimia 1.15 ya watu kwa mwaka kule Ibadan, na asilimia 2.52 kule Indianapolis, watu ambao asili yao inakaribiana lakini maisha yao yametofautiana.

Shule nayo isipewe mzigo usio wake. Ni kweli kwamba waliosoma zaidi huwa na alama za juu uzeeni, na huenda wana akiba ya ubongo ya kuwastahimilisha, lakini tafiti nyingi zimeonyesha kwamba shule huinua mahali mtu anapoanzia kuliko inavyopunguza kasi ya kushuka. Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, na mama huyu wakati huo alikuwa tayari na wajukuu. Shule yake ilikuwa ile meza. Kukumbuka wadeni arobaini, kubadili lugha kulingana na mteja, kukisia bei ya Jumatatu kutokana na mvua ya Ijumaa, kutembea kwenda sokoni na kurudi, kusalimiana na watu mia kwa siku: sijui zoezi gani la akili lililotungwa na mtaalamu yeyote ambalo lingeshinda hilo.

Hapo ndipo uamuzi wangu juu ya kisa hiki ulipo. Orodha ya sababu zinazoweza kuzuilika, ambayo tume ya jarida la Lancet iliifikisha 14 mwaka 2024 na kuzihusisha na takriban asilimia 45 ya dimenshia duniani, inazo nyingi za mama huyu: shule kidogo, masikio, macho, presha, moshi, upweke, kutotembea. Takwimu hizo ni za umma kwa ujumla, na haziwezi kumwambia mtu mmoja sehemu gani ya tatizo lake imetoka wapi. Lakini katika nyumba hii sababu hazikukaa kila moja kwenye kigoda chake. Sikio lilizaa makosa ya madeni, makosa yakafunga meza, meza ilipofungwa usingizi ukapotea, usingizi ukaleta kidonge, kidonge kikaunguza sufuria, sufuria ikamfukuza jikoni, na mama aliyebaki sebuleni bila kazi wala mtu wa kuongea naye akaonekana hana akili. Ukiitazama kila hatua peke yake, hakuna aliyefanya ubaya.

Mazungumzo na wanawe yalichukua karibu saa nzima na yalikuwa magumu kuliko matibabu yote. Mwanawe wa kwanza alisema, "Sista, sisi tulimwonea huruma. Amebeba magunia tangu sisi wadogo." Nilimwambia kwamba nimemwelewa, na kwamba magunia asirudishiwe, ila arudishiwe wateja. Pesa nazo zilikuwa na neno: ile ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi hutolewa hapa kwetu kuanzia miaka 80, na tangu meza ifungwe mama alikuwa akiomba hata ya sabuni. Alipoulizwa anataka nini, alisema jambo moja tu: "Nataka kukaa mahali ambapo mtu ananiuliza bei."

Tuliyoyafanya hayakuwa ya ajabu. Daktari alimwanzishia amlodipini, dawa ya presha, chumvi ikapunguzwa. Piriton iliondolewa ndani ya wiki tatu, usiku wa kwanza bila kidonge ukawa mbaya, kisha usingizi ukarudi kadiri alivyochoka mchana. Watoto walifundishwa wamkabili usoni wanapoongea, wazime televisheni kwanza, waseme sentensi fupi bila kupiga kelele. Kifaa cha kusikia hakikupatikana, bei yake ni kubwa kuliko mtaji wote wa meza, na linaniuma hilo, ijapokuwa sitaki kukipa sifa zaidi ya inayostahili: jaribio la Marekani la mwaka 2023 lililofuata wazee 977 kwa miaka mitatu halikuona faida kwa washiriki wote kwa pamoja, ila kwa kundi lililokuwa kwenye hatari zaidi kasi ya kushuka kwa akili ilipungua kwa asilimia 48. Sigiri ilitolewa nje, chini ya kibanda cha mabati. Na Aprili 2023 meza ikafunguliwa tena, siku tatu kwa wiki, mjukuu wake wa kike akiwa pembeni na daftari la madeni.

Matumaini ya kuyashika mambo mengi kwa pamoja nayapata kwenye jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 2015, ambamo wazee 1,260 wa kati ya miaka 60 na 77 waligawanywa kwa kura, nusu yao wakasimamiwa chakula, mazoezi, shughuli za akili na presha kwa miaka miwili, wakaonekana kufanya vizuri kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida tu. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Januari 2024 nilimpima tena. Presha ilikuwa 134/80. Kwenye wanyama alifika kumi na sita, na katika maneno kumi alikumbuka saba. Wepesi haukubadilika, bado hujibu kama mtu anayechagua maharage kabla ya kuyatia sufuriani, na majina ya wajukuu bado huyachanganya. Sidai kwamba nimeponya kitu. Siwezi pia kusema ni nini kati ya nta, kidonge, presha na meza kilichofanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa vyote tuliviondoa au kuvirudisha ndani ya miezi mitatu, na mimi nilitaka mama apate nafuu kuliko nilivyotaka kujua jibu. Isitoshe, mtu anayepimwa mara ya pili huwa ameshazoea kipimo, na sehemu ya alama hizo huenda ni mazoea tu.

Hilo la mwisho limenilazimu kubadili mpango wa ukaguzi ujao, utakaofanyika baada ya upasuaji wa jicho la kushoto. Nitatumia orodha nyingine ya maneno. Siku ile ya Januari, nilipoanza kumsomea yale kumi, mama aliniinulia mkono nikiwa kwenye neno la pili, akanitajia la tatu, la nne na la tano kwa mpangilio wake, kama nilivyomsomea mwaka uliotangulia.